Saa Sita ya Serikali

Ofisi ya Kamati ya Maafa ilikuwa na meza kumi na moja, mashine moja ya kurudufu iliyotafuna karatasi nyingi kuliko ilizotoa, na muhuri mmoja. Muhuri huo ulikaa kwenye mfuko wa koti la mkurugenzi. Hata chooni alikwenda nao, ndiyo maana watu wa ofisini walimwita Bwana Muhuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga akipewa muhuri huanza kuamini kwamba kila karatasi inamvizia.

Mfasiri wa kamati alikaa meza ya dirishani. Nyaraka za jeshi na za wasuluhishi zilikuja kwa lugha ya kigeni, naye kazi yake ilikuwa kuziweka kwenye lugha ya watu, kisha Bwana Muhuri azigonge, kisha redio izisome. Kutoka dirishani pale aliuona mto, na ng'ambo ya mto mapaa ya mji aliozaliwa.

Mji huo ulikuwa umezingirwa miezi mitatu sasa. Waasi walishika vilima, jeshi lilishika ukingo wa huku, na katikati watu elfu kadhaa walikuwa wameshamaliza kula mbegu walizoweka za kupanda. Simu zilikatwa. Kilichobaki ni redio za betri. Serikali nayo haikulala: iliunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikatoa taarifa kwamba hali inafuatiliwa kwa karibu. Karibu ya nani, hawakusema. Mama yake mfasiri, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, alikuwa ng'ambo hiyo pamoja na mdogo wake mfasiri, muuguzi wa zahanati. Mara ya mwisho kusikia sauti zao ilikuwa wiki ya kwanza ya vita.

Basi mchana mmoja ikaja karatasi aliyokuwa akiiombea usiku na mchana. Wasuluhishi walikuwa wamepata makubaliano. Kesho yake daraja lingefunguliwa, 06:00 hadi 10:00. Bunduki za pande zote zingenyamaza kwa muda huo, anayeweza kutembea atoke, asiyeweza abebwe. Baada ya hapo, mtu yeyote atakayekanyaga daraja angehesabiwa adui. Chini kabisa kulikuwa na kifungu cha saba: upande utakaokiri kwa maandishi kwamba umekosea jambo na kuvuruga uokoaji, unaweza kuomba saa moja ya nyongeza siku hiyohiyo.

"Hicho cha saba hakituhusu," Bwana Muhuri alisema akicheka. "Serikali ikiri! Wewe umewahi kuona?"

Mfasiri alikuwa ameshaanza kupiga chapa kwa furaha. Aliandika kama mtu yeyote mwenye akili zake angeandika: kuanzia saa 12:00 asubuhi hadi saa 4:00 asubuhi. Akampelekea.

Bwana Muhuri alichomoa kalamu yake nyekundu. "Hii nini?"

"Muda, mzee."

"Waraka wa jeshi unasema sita. Wewe unaandika kumi na mbili. Waraka unasema kumi, wewe unaandika nne. Hivi unataka tufungwe?"

"Mzee, ile ni saa ya jeshi. Sita yao ni kumi na mbili yetu. Watu wakisikia saa sita..."

"Tarakimu za jeshi haziguswi. Wiki iliyopita nilipewa barua kwa sababu yako, au umesahau? Uliandika 'kama watu mia tano' pale jeshi lilipoandika 'mia tano'." Akafuta kumi na mbili, akafuta nne, akafuta asubuhi zote mbili kwa sababu hazikuwemo kwenye waraka. "Piga upya. Redio wanangoja."

Hapo ndipo alipoteleza, na tuseme ukweli wala tusimtafutie kichaka cha kujificha. Alijua. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Lakini alikuwa amechoka, na kubishana na Bwana Muhuri kungekula saa nzima, na alijiambia kwamba msomaji wa redio ni mtu mzima, ataona, atauliza. Akapiga upya: daraja litafunguliwa saa 6:00 hadi saa 10:00. Muhuri ukatua pa!

Saa tisa alasiri watu wote wa ofisi walikusanyika kwenye redio ya mhudumu wa chai. Mzee wa Salamu, mtangazaji ambaye sauti yake ilijulikana pande zote mbili za mto, alisoma taarifa polepole na kwa heshima. "Daraja litafunguliwa kesho, kuanzia saa sita hadi saa kumi. Narudia. Saa sita hadi saa kumi."

Watu wakapiga makofi. Mhudumu wa chai akasema, "Afadhali mchana. Hata wazee watapata muda wa kujiandaa."

Mfasiri aligeuka kumtafuta mkurugenzi. Mchana! Bunduki zingekuwa zimeanza tena kitambo, na mji mzima ungetoka na watoto na vifurushi, ukaingia darajani kwa mpangilio, kwa kuitii serikali.

Alimkuta Bwana Muhuri anafunga droo. Alimweleza kwa vidole, alimweleza kwa saa ya ukutani, na mara hii akaona uso wa yule bwana ukibadilika kidogokidogo mpaka kope zikaacha kupepesa. Alikuwa ameelewa. Ndilo jambo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alielewa.

"Tutoe marekebisho," mfasiri alisema. "Sasa hivi. Taarifa ya jioni."

"Serikali hairekebishi, bibie. Serikali inafafanua."

"Basi ifafanue!"

"Taarifa zetu hutoka kwa jina la waziri, na ufafanuzi wake unasainiwa na waziri. Waziri yuko angani, anakwenda kwenye mkutano wa wafadhili. Anatua kesho." Alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe mstari mmoja, akaugonga muhuri, akampa: Wananchi wanakumbushwa kuzingatia muda uliotangazwa.

Mfasiri aliusoma mara mbili. Alitamani amtupie usoni. Aliukunja, akauweka kwenye mkoba, akatoka bila kuaga.

Kituo cha redio kilikuwa mitaa sita kutoka ofisini. Alitembea nusu na nusu alikimbia, viatu mkononi, watu wakimpisha kama anayewahi msiba. Mlangoni palikuwa na askari wawili, na ndani, pembeni ya chumba cha kurushia matangazo, alikaa afisa wa habari mwenye daftari. Tangu vita vianze, kila neno lililoitwa taarifa lilipita kwanza mbele ya macho ya afisa huyo. Mtangazaji wa zamu ya asubuhi alisoma kitu bila muhuri mwezi uliopita, na mpaka leo mkewe alikuwa anampelekea nguo gerezani.

Mzee wa Salamu alimsikiliza ukumbini, mgongo ukiwa umeelekea kioo ili afisa asione uso wake. Alipoelewa, alishika ukuta.

"Mimi ndiye niliyesoma," alisema. "Mdomo huu."

"Na mimi ndiye niliyeandika. Nisaidie, baba."

"Taarifa siwezi. Nikifungua mdomo tu, wanazima mtambo, na kesho asubuhi hakuna atakayesikia lolote." Akafikiri huku akijikuna kidevu. "Lakini salamu hazigongwi muhuri."

Kila jioni, saa kumi na moja na nusu, alisoma kadi za salamu. Fulani anamsalimu shangazi yake, fulani anampongeza rafiki kwa kupata mtoto, mwisho wa salamu muziki. Afisa wa habari aliziona hizo ni porojo za vijakazi, hakuzikagua. Ila alizisikiliza, na hakuwa mjinga.

Mfasiri alichukua kadi tupu. Aandike nini? Akitaja daraja, wamekwisha. Akitaja asubuhi, wamekwisha. Alifumba macho, na kilichomjia ni darasa la mama yake: saa kubwa ya kadibodi yenye mishale ya mbao, na watoto sitini wakipiga kelele. Mama yake alikuwa na kanuni moja ya kufundishia saa. Mshale mfupi ukigusa sita, mtoto asiseme sita, aangalie upande unaoukabili, aseme kumi na mbili. Ukigusa kumi, aseme nne. Kila mtoto aliimbishwa maneno hayo, na anayekosea aliyaimba peke yake mbele ya wenzake: usisome mshale, soma ng'ambo! Mwalimu yule alifundisha miaka thelathini na minne. Nusu ya mji ule ilipita mikononi mwake, na nusu nyingine ilizaliwa na waliopita.

Akaandika.

Saa kumi na moja na nusu Mzee wa Salamu alisoma kadi nne za kawaida. Ya tano aliisoma kwa sauti ileile, bila haraka: "Salamu hizi zimwendee Mwalimu wa darasa la kwanza, huko aliko, pamoja na wanafunzi wake wote, wakubwa kwa wadogo. Mwanao anasema hajasahau somo la saa. Leo amesikia sita, amesikia kumi, akakumbuka wimbo wako: usisome mshale, soma ng'ambo. Narudia, wapendwa. Usisome mshale, soma ng'ambo."

Afisa alinyanyua kichwa. "Ng'ambo gani hiyo?"

"Ng'ambo ya mto tu," alijibu Mzee wa Salamu huku kipaza sauti kikiwa kimezimwa. "Ndiko aliko mama yake."

Afisa aliandika kitu kwenye daftari. Mfasiri, nyuma ya kioo, alikuwa ameng'ata kitambaa chake mpaka kikatoboka. Mzee wa Salamu akainama kwenye mashine kuweka muziki, na spika zikatoa ngoma tatu nzito na filimbi. Ulikuwa mlio wa kufungulia matangazo, unaopigwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mlio ambao watu walikuwa wameamkia tangu utoto wao.

"Huo si wa asubuhi?" afisa aliuliza, akisimama.

"Lo! Macho ya uzee," alisema Mzee wa Salamu. Aliuacha ukalia mpaka mwisho.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro robo, mfasiri alikuwa ukingoni mwa daraja pamoja na watu wa huduma ya kwanza, malori matupu na kapteni wa zamu, mwanamume mwembamba asiyependa maneno. Saa kumi na mbili filimbi ikapulizwa. Vilima vikawa kimya. Daraja lilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Saa kumi na mbili na nusu, tupu. Dereva mmoja akasema labda wamekufa wote. Mfasiri alimgeukia kwa jicho ambalo lilimrudisha ndani ya lori lake.

Saa moja kasorobo mtu alitokea ng'ambo, akasimama, akarudi. Kisha wakaja watatu. Kisha wakaja wengi, kimya, wamebeba wagonjwa kwenye milango iliyong'olewa, na mbele yao msichana mwenye koti jeupe lililokuwa jeupe zamani. Mfasiri alimtambua mdogo wake kwa mwendo, maana uso ulikuwa umebaki mifupa. Alimkumbatia hadi muuguzi akasema, "Dada, utanivunja."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko nyuma. Wimbo tuliusikia, dada. Mama aliruka kitandani akasema, 'Wameandika mshale, wajinga hawa!' Tumepita usiku kucha tukigonga milango. Lakini siyo wote wanaokubali. Mtaa wa chini wanasema salamu ni salamu, serikali imesema saa sita na ina muhuri. Wanasema tunataka kuwauza kwa waasi. Mama kabaki kuwabembeleza."

"Nawe ukamwacha?"

"Unamjua Mama. Unafikiri aliniuliza?"

Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Watu waliendelea kutoka, mamia, na kila kikundi mfasiri alikitafuta sura kwa sura. Saa nne kamili kapteni alipuliza filimbi. Saa nne na dakika tatu mtu mmoja alichomoka ng'ambo akikimbia, godoro kichwani. Wengine walimpigia kelele arudi, wengine walimpigia kelele akaze mwendo. Risasi ilitoka vilimani, moja tu. Godoro lilianguka kwanza, mtu akalifuata.

Muuguzi alifunika uso. "Ni yule wa mashine ya kusaga," alisema. "Usiku tulikuwa naye tukigonga milango."

Mfasiri alisimama akimtazama mtu yule kule katikati ya daraja. Hakulia. Aliona tarakimu mbili kwenye karatasi, alizopiga chapa kwa vidole vyake mwenyewe kwa sababu alikuwa amechoka.

Saa nne na nusu Bwana Muhuri alifika na gari la kamati, amevaa tai. Alikuwa na rasimu ya taarifa: zoezi limefanikiwa kwa asilimia kubwa, waliobaki wamebaki kwa hiari yao. Alimwomba mfasiri aiweke sawa lugha.

"Waliobaki," mfasiri alisema, "ndio waliotuamini."

Macho ya Bwana Muhuri yalikuwa yameshafika kwenye godoro.

"Saa sita watatoka," mfasiri aliendelea, sauti imeshuka. "Mtaa wa chini mzima, na mama yangu akiwa nao. Watapigwa wote mbele ya macho yako. Kifungu cha saba, mzee. Nimeshaandika." Akamnyooshea karatasi. Ilisema: Muda ulitangazwa vibaya kwa kosa la mfasiri wa kamati. Tunaomba saa moja ya nyongeza. "Nimejitaja mimi. Wewe gonga tu."

Bwana Muhuri alisoma. Alitoa muhuri mfukoni, akaushika bila kuugonga. Dakika zikapita, na kapteni akaanza kutazama saa yake waziwazi. Kisha Bwana Muhuri akachomoa kalamu nyekundu, ileile ya jana. Akafuta neno mfasiri. Juu yake akaandika mkurugenzi. Akaweka karatasi kwenye boneti ya gari, akagonga.

Wasuluhishi walipelekewa ujumbe kwa simu ya upepo iliyokuwa kwenye hema la fundi wa mitambo wa jeshi. Ikawa saa tano, ikawa saa tano na nusu. Hakuna jibu. Saa sita kasoro dakika kumi, ng'ambo ya pili, vichwa vilianza kuonekana. Walikuwa wamejipanga wawili wawili, wamevaa nguo zao nzuri, watoto wamechanwa nywele. Mbele yao alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwamvuli mweusi uliofungwa, aliotumia kunyooshea njia kama alivyonyooshea ubao.

"Mama," alisema muuguzi.

Fundi alichungulia kutoka hemani. "Afande! Wamekubali! Saa kumi na mbili, dakika sitini!"

Kapteni aliapiza. "Jioni? Na hawa hapa? Haya, pigeni risasi za juu, warudi mpaka jioni."

Askari wawili wakainua bunduki. Vilimani kule, nani angejua kwamba ni risasi za juu? Mfasiri alikuwa ameshafika hemani, amemnyang'anya fundi daftari. Lilikuwa limeandikwa 1200.

"Msipige!" alipiga ukelele uliomtoka tumboni. "Ni mshale! Umesoma mshale! Ni sita! Saa sita, sasa hivi!"

Kapteni alitazama daftari, akamtazama yeye, akatazama saa yake ya mkononi. Mishale miwili ilikuwa karibu kukutana juu. Alishusha mkono polepole, na bunduki zikashuka. Akapuliza filimbi.

Vilima havikujibu. Mwalimu alikanyaga daraja, na nyuma yake mtaa wa chini wote. Hakuna aliyekimbia. Walipofika kwenye godoro, mstari uligawanyika ukapita pande mbili. Mwalimu peke yake alisimama. Aliinama, akamfumba yule mtu macho, akamwekea mwamvuli wazi juu ya uso, jua lisimchome. Kisha akaja.

Mabinti zake wawili walimkimbilia. Muuguzi alimkumbatia, naye mkubwa akanyoosha mikono, lakini Mwalimu akainua kiganja.

"Nani aliandika zile saa?"

"Ni mimi, Mwalimu," alisema Bwana Muhuri, akiivua miwani yake. "Yeye aliandika sawa. Nilifuta mimi."

Mwalimu hata hakumtazama. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Alifuta," alisema mfasiri. "Mimi nilijua, Mama. Nilijua nikanyamaza. Nikapiga upya."

Mwalimu aligeuka kuangalia darajani. "Yule alikaa dawati la mbele," alisema. "Somo la saa lilimshinda mwaka mzima. Jana alikuwa wa kwanza kuelewa. Alirudi kuchukua godoro la mkewe." Kisha akamgeukia mwanawe tena. "Utakwenda wewe kumwambia mkewe. Siyo kamati. Wewe."

"Nitakwenda, Mama."

"Na usifafanue."

"Sitafafanua."

Ndipo Mwalimu akashusha kiganja, akamvuta mwanawe kifuani. Alikuwa mwepesi, amebaki mfupa na kanga, na mfasiri alimshika taratibu akiogopa kumwumiza. Walisimama hivyo, watu wa mtaa wa chini wakiendelea kupita kando yao kuelekea kwenye malori, mpaka kapteni alipopuliza filimbi ya saa saba.